Fundo na Tanzi: Asili ya Neno la Kiingereza 'Noose' na Hali ya Kitanzi katika Kiswahili

Yapo maneno ambayo wafasiri huyapita upesi kwa sababu yaonekana hayana tatizo lolote. Neno la Kiingereza 'noose' ni mojawapo. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu "kitanzi", mwalimu hutia alama ya sahihi, na shughuli huishia hapo. Makala hii inadhamiria kuonyesha kwamba jibu hilo, ingawa si kosa, limefunika jambo lisilostahili kufunikwa. Kiingereza na Kiswahili vimeipa jina kamba ile ile kwa kuitazama kutoka ncha mbili zisizokutana. Na ulinganifu wa haraka uliofanywa kati ya maneno hayo mawili umelinyang'anya neno la Kiswahili sehemu kubwa ya mali yake, hata kitanzi kimekaribia kuwa chombo cha mauti na si kitu kingine.

Mahali pa kulipimia jambo hili pamechaguliwa kuwa Ngoliba, mashariki ya mji wa Thika. Huenda uchaguzi huo ukamshangaza msomaji aliyezoea kuona hoja za msamiati zikipelekwa Lamu, Mvita au Unguja. Lakini Ngoliba ina sifa ambayo miji hiyo haina. Hapo Gikuyu na Kikamba hukutana uso kwa uso, na Kiswahili kimekuja juu yake kama lugha ya soko, ya shule na ya baraza la chifu. Mlima uliopo jirani waitwa kwa majina mawili ya wageni: Ol Donyo Sabuk, ambalo ni la Kimaasai na maana yake ni mlima mkubwa, na Kilimambogo, ambalo ni la Kiswahili na linataja mnyama anayeishi huko hadi leo. Tena nchi hii ni nchi ya kamba. Mkonge, ulioletwa pwani ya Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida, ambapo katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai, ulienea baadaye hata ukashika mashamba makubwa ya ukanda wa Thika mwanzoni mwa karne ya 20. Penye kamba, mbuzi wa kufunga na nyati wa kutegwa, hapana budi pawe na maneno ya fundo na ya tanzi. Swali ni maneno gani, na yametoka wapi.

Yafaa kuanza na Kiingereza. 'Noose' si neno la kale sana katika lugha hiyo. Linaonekana katika maandishi ya karne ya 15, na halikutumika kwa wingi mpaka baada ya mwaka 1600. Wanaetimolojia wengi hulirudisha kwenye Kifaransa cha Kale au lugha ya kusini ya Ufaransa, ambako kulikuwa na neno 'nos' au 'nous', nalo latokana na Kilatini 'nodus', yaani fundo. Kilatini hicho hicho ndicho kilichowapa Waingereza 'node', neno ambalo wanasayansi wa mimea hulitumia kwa kifundo cha shina. (Neno lao la kila siku, 'knot', ingawa masikioni lafanana na 'nodus', ni la ukoo mwingine kabisa, ukoo wa Kijerumani, mfano mzuri wa hatari ya kuamini sikio katika kazi hii.) Kwa hiyo Mwingereza anaposema 'noose', chini ya neno lake hakuna duara, hakuna shingo, hakuna mti. Kuna fundo tu. Jicho la aliyelitunga neno liliangukia pale kamba inapokatiza juu yake yenyewe na kukazwa.

Kilatini kilikuwa na neno jingine lililotaja duara lenyewe la kunasia, 'laqueus', nalo limesafiri mbali zaidi. Kwa njia ya Kihispania 'lazo' limekuwa 'lasso', kamba ya wachunga ng'ombe wa Amerika. Kwa njia ya Kifaransa cha Kale 'las' limekuwa 'lace': kwanza kamba ya kunasia, kisha ugwe wa kufungia nguo, hatimaye kitambaa chenye matundu ya nakshi. Kiswahili kimekipokea kitambaa hicho kwa jina la lesi. Basi mwanamke anayenunua gauni la lesi katika soko la Thika amebeba begani, bila kujua, neno la Warumi la tanzi la kuwindia. Hapa sikio lajihadhari tena: lesi si leso. Leso ni ya Wareno, imetoka katika 'lenço' yao, kitambaa cha mkononi, na haina udugu wowote na tanzi.

Turufu ya Kiswahili katika upande wa fundo ni ya kale kuliko hiyo ya Kiingereza. Neno fundo ni la Kibantu asilia, na ndugu yake yupo Ngoliba kwenyewe. Gikuyu husema 'ikundo', na kitenzi chake ni 'kundĩka', ambacho kwa Kiswahili ni kufundika. Tofauti ya f na k isimbabaishe mtu. Ni badiliko la kawaida la sauti: k ya Kibantu cha awali, ikifuatwa na ile u iliyobanwa sana, imegeuka kuwa f katika Kiswahili, na katika Gikuyu imebaki k, au imekuwa g pale kanuni nyingine ya lugha hiyo inapoitaka iwe hivyo. Ndiyo maana mafuta ya Kiswahili ni 'maguta' ya Gikuyu, kufa ni 'gũkua', na -fupi ni '-kuhĩ'. Fundo na 'ikundo' vimo katika safu hiyo hiyo. Mkikuyu wa Ngoliba anapojifunza neno fundo darasani hapokei neno geni. Anarudishiwa neno lake likiwa limevaa nguo ya pwani. Ndivyo ilivyo pia kwa mtego, ambao Gikuyu huuita 'mũtego', wote kutokana na kutega. Kwa upande mwingine yupo 'mũkanda', ambaye kwa Gikuyu ni kamba yoyote ilhali mkanda wa Kiswahili ni wa kiunoni. Udugu upo, bali maana zimeachana njia.

Lakini tanzi halimo katika safu hizo, na hapa ndipo hoja inapoanza kuwa nzito. Tanzi, pamoja na udogo wake kitanzi, laelekea kutokana na kitenzi kutanda. Ushahidi wa umbo ni wa wazi. Kiswahili kinapochukua kitenzi kiishiacho na -nda na kukitilia kiishio -i cha kuundia nomino, nd hugeuka kuwa nz: linda hutoa mlinzi, penda hutoa mpenzi, tenda hutoa utenzi. Tanda, kwa kanuni hiyo, hutoa tanzi. Gikuyu hakina badiliko hili, kwa hiyo neno lenye -nzi likisikika Ngoliba lajitambulisha lenyewe kuwa limepanda kutoka pwani, kama mgeni anavyojulikana kwa matamshi.

Ushahidi wa maana wahitaji maelezo zaidi, maana mtu atauliza: kutanda ni kuenea au kunyoosha kitu kikaenea, kamba ya kukaba yahusianaje na kuenea? Jibu lapatikana kwa kuwatazama ndugu za neno. Nyuzi za urefu anazozinyoosha mfumaji kabla ya kupitisha mshindio huitwa mtande. Nyumba ya buibui ni utando, au tandabui. Kitanda, kile cha asili kilichosukwa kwa kamba zilizonyooshwa toka mti hadi mti, chaelekea kuwa cha ukoo huu pia. Katika maneno yote haya kuna uzi au kamba iliyonyooshwa na kuachwa wazi, ikingoja. Nalo tanzi la mwindaji hufanya nini? Halikazwi linapowekwa. Hutandazwa njiani, mdomo wazi, limefichwa chini ya majani, na kazi ya kulikaza hufanywa na mnyama mwenyewe anapovuta mguu. Mswahili aliyelipa jina alilitazama kabla ya tukio, likiwa wazi. Mwingereza, au tuseme Mrumi aliyemtangulia, alilitazama pale linapofungwa.

Tofauti hiyo si ya kuchezea tu. Fundo katika Kiswahili lina maisha yake ya mafumbo: fundo la moyo ni chuki iliyowekwa, na mtu aliyekasirika huwa na fundo rohoni. Yote hayo ni mambo yaliyokwisha kukazwa. Tanzi lina mafumbo mengine, nayo ni ya hila na ya kutotazama mbele: mtu hujitia kitanzi kwa kauli yake mwenyewe barazani, hutegewa tanzi na washindani wake. Anayefasiri 'noose' kwa kitanzi bila kuchungua huenda akapatia kitu na kukosa wazo. Na anayefasiri tanzi kwa 'noose' hulipoteza lile jani lililofunika kamba.

Hapa pana mtego mwingine ambao wahakiki wa fasihi, kwa masikitiko, wameukanyaga zaidi ya mara moja. Ni neno tanzia. Kwa kuwa tanzia ni habari ya kifo, na kwa kuwa mchezo wa kuigiza unaoishia kwa maangamizi huitwa tanzia, wapo wanaosema darasani kwamba tanzia ni mchezo wa mtu aliyejitia tanzini. Fikra hiyo ni tamu lakini haina msingi. Tanzia ni la Kiarabu, kutoka 'taʿziya', yaani kutoa pole kwa wafiwa. Kiswahili kina pia umbo la taazia ambalo limekaa karibu zaidi na asili. Limo katika jamaa ya pole na rambirambi na matanga. Halina kamba.

Sasa itazamwe historia ya kitanzi katika vitabu. Wakusanyaji wa kwanza wa msamiati wa Kiswahili kwa Kiingereza, tangu Edward Steere aliyetoa kitabu chake cha sarufi na maneno ya Unguja mwaka 1870, hadi Madan mwanzoni mwa karne ya 20 na Frederick Johnson katika kamusi ya mwaka 1939, walikutana na neno hili likiwa na kazi nyingi. Kilikuwamo kitanzi cha kunasia, na kilikuwamo pia kile kidogo cha uzi kinachopokea kifungo cha nguo, ambacho mshonaji wa kanzu hukisuka kwa subira na ambacho hakijamdhuru mtu. Kwa mabaharia kulikuwa na jina jingine, kishwara, kwa duara la kamba linaloshika kasia ubavuni mwa chombo. Lugha ya pwani, kwa ufupi, iliyagawa maduara ya kamba kwa kazi zake, na kitanzi kilikuwa jina pana lililofaa nguoni na msituni.

Neno hilo halikufika bara likiwa na upana huo. Kiswahili kilichoenea katika nchi ya Wakikuyu na Wakamba wakati wa ukoloni hakikuletwa na washonaji wa kanzu. Kililetwa kwa sehemu kubwa na askari, manyapara wa mashamba, makarani wa mahakama na walinzi wa magereza, na kila mmoja alileta maneno ya kazi yake. Kisha yakaja miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Katika kipindi hicho serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa Wakikuyu, idadi ambayo mwanahistoria David Anderson aliichambua kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2005. Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika Gereza la Kamiti, lililo upande wa Ruiru, mwendo usio mrefu kutoka Ngoliba. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipoandika tamthilia yao juu ya kesi yake mwaka 1976, Raphael Kahaso aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi mwaka 1978. Kwa jamii iliyopita katika hayo, kitanzi hakikuhitaji ufafanuzi wa kamusi. Maana ya kifungo na maana ya mtego hazikupata nafasi ya kuingia. Mlango ulikuwa umezibwa na maana moja.

Mtu anaweza kupinga kwa kusema kwamba Kiswahili chenyewe kina kitenzi cha jambo hilo, kunyonga, na hakikihitaji kitanzi. Ni kweli, na pingamizi hilo lasaidia hoja badala ya kuivunja. Kunyonga asili yake ni kupinda na kusokota. Ndiyo sababu mtu hunyonga baiskeli pia bila kuiua. Kiingereza huitaja adhabu hiyo kwa kuning'inia, na Gikuyu kina 'cuuria', ambacho hutumika hata kwa kitu kinachotundikwa ukutani. Kiswahili huitaja kwa linaloipata shingo. Kitenzi chenye uzito wa namna hiyo kilipoketi karibu na kitanzi katika lugha ya mahakama, kikakivuta upande wake. Magazeti yakamalizia kazi. Habari za watu waliojiua huandikwa kwamba fulani "amejitia kitanzi", na msemo huo umekuwa wa kawaida mno kiasi kwamba msomaji kijana halijui neno hili nje ya habari za msiba.

Ajabu ni kwamba sheria yenyewe imelegeza kamba kuliko lugha. Mara ya mwisho Kenya kuwanyonga waliohukumiwa ilikuwa mwaka 1987. Mwaka 2009, na tena 2016, maelfu ya wafungwa waliokuwa wakingoja kifo walibadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha, na mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilitamka, katika kesi ya Muruatetu, kwamba kumlazimisha hakimu kutoa hukumu ya kifo bila hiari ni kinyume cha katiba. Adhabu ingali katika vitabu, lakini tanzi la serikali halijatumika kwa zaidi ya miongo mitatu. Katika msamiati wa shule, hata hivyo, lingali likining'inia peke yake.

Wafasiri wa Biblia walikuwa waangalifu zaidi, na kazi yao yastahili sifa ambayo wanaisimu hawajawapa. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, aya ya 35, Paulo anasema kwamba mashauri yake hayakusudiwi kuwabana wasomaji wake. Neno lake la Kiyunani ni 'brochos', ambalo hasa ni kamba ya duara ya kunasia. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika nalo: wengine wameandika mtego, wengine wameliacha tanzi kabisa na kuweka wazo tupu la kizuizi. Tafsiri ya Muungano ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1952, ililitumia tanzi bila kusita, tena ikaliunganisha na kitenzi kutegea. Chaguo hilo ni la mtu anayeijua kamba. Hakuna anayenyongwa katika aya hiyo. Tanzi hapo ni la njiani, limetandwa, na Paulo anaahidi kwamba hakulitanda yeye. Inafaa ikumbukwe kwamba ilitoka mwaka ule ule ambao Hali ya Hatari ilitangazwa. Matumizi mawili ya neno moja yalikuwa yakienda sambamba katika nchi moja, moja katika kitabu na moja gerezani, na lililoshinda si lile la kitabu.

Matokeo yake huonekana Ngoliba bila kutafutwa. Mbuzi hufungwa kamba shingoni, na hiyo kamba huitwa kamba tu, ingawa mwisho wake ni kitanzi kamili. Waya unaotegwa vichakani kwa ajili ya nyama ya porini, kinyume cha sheria, huitwa mtego wa waya, ingawa hakuna tanzi la haki kuliko hilo. Fundi wa cherehani anapoongea juu ya vile vishikizo vya suruali ambamo mkanda hupita, hutumia neno la Kiingereza lililovishwa sauti za Kiswahili, lupu. Ukimtajia vitanzi vya suruali huenda akacheka, au akakasirika, kwa kuwa umemletea mauti juu ya meza yake ya kazi. Hivyo lugha imeazima neno kwa Waingereza ili kujaza nafasi ambayo neno lake yenyewe lilikuwa limeikalia kwa raha kule Unguja katika siku za Steere.

Wapo watakaosema kwamba maana za maneno hujiendea zenyewe na hakuna mwenye mamlaka ya kuzirudisha. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu. Lupu haitaondoka kwa sababu makala imeandikwa, wala haina ubaya wowote mdomoni mwa fundi. Lakini mtunga kamusi, mtunga mitihani na mfasiri hawako katika hali ya fundi. Wao huchagua kwa makusudi, na uchaguzi wao husomwa na watoto wa Ngoliba wasio na mzee wa pwani wa kuwaambia kitu kingine. Kwao, kitomeo cha kitanzi chapasa kianze na duara la kamba au uzi linaloweza kukazwa, kifuatwe na la kutegea na la kifungo, ndipo lije la kunyongea. Na pale maandishi ya Kiingereza yanapolitaja fundo lenyewe linaloteleza, si duara, jina lake liwe fundo la tanzi, maana hapo ndipo macho ya lugha mbili hukutana kwa mara ya kwanza: Mwingereza akitazama palipokazwa, Mswahili akitazama palipoachwa wazi, na kamba ni moja.